Safari ya Mida na Uteuzi wa Darubini

Katika neema ambazo mwanadamu hazihesabu mpaka zimpungukie, neema ya macho ni ya mbele. Mwenye macho mazima husoma kwayo, hufanya kazi kwayo, hwenda njia kwayo, wala hakumbuki kushukuru illa siku atakapoona ukungu mahali ambapo jana palikuwa peupe. Na katika vyombo ambavyo watu wamevibuni ili kulisaidia jicho, miwani ni ya kwanza kwa manufaa na darubini ni ya pili. Habari za miwani wengi wanazo. Ama habari za darubini, watu wetu wanazo kidogo, na kwa uchache wa habari hizo fedha nyingi hupotea madukani. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu, wazazi na vijana, habari za safari tuliyoifanya pamoja na wanafunzi wa madrasa yetu ya Mombasa, kwenda Mida karibu na Watamu kutazama ndege. Na katika habari hiyo tubainishe jinsi mtu anavyopasa kuichagua darubini, kuitumia, na kuitunza.

Neno lenyewe limetujia kutoka Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Na elimu iliyozaa chombo hiki haikuanzia Ulaya peke yake. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi nuru kukiendea kitu, bali nuru ndiyo hutoka kwenye kitu ikaliingia jicho. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na wanazuoni wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Mwaka 1608 fundi wa miwani wa Uholanzi, Hans Lipperhey, aliomba serikali ya nchi yake impe haki ya kuunda darubini, na mwaka wa pili yake Galileo wa Italia akaunda ya kwake akaielekeza mbinguni. Mwaka 1854 Mtaliana mwingine, Ignazio Porro, alitoa njia ya kuigeuza picha kwa vipande vya kioo viitwavyo prizimu, ili isionekane juu chini. Na mwaka 1894 kiwanda cha Carl Zeiss cha mji wa Jena, Ujerumani, kikaanza kuuza darubini za macho mawili za namna hiyo. Basi kila mwenye darubini shingoni leo ameshika jasho la watu wa mataifa mengi.

Sababu ya safari

Wazazi wa madrasa yetu walikuwa wamechanga fedha kidogo kidogo muda wa mwaka mzima, kwa makusudio mawili: watoto wapate kuutazama mwezi mwandamo kutoka ufukweni, na wapate kuvijua viumbe vya nchi yao. Lakini habari ilipoenea mtaani, akina mama kadha wa kadha walituletea ujumbe wa kupinga. Walisema, na kauli yao ilikuwa ya haki, kwamba nyumba za Mji wa Kale zimesongamana, dirisha kwa dirisha, na kijana mwenye darubini juu ya dari anaweza kuona ndani ya nyumba za watu kama aliyeketi humo. Wakauliza: "Maalim, je, mwanunua chombo cha elimu au chombo cha kuvunja stara?"

Swali hilo hatukulipuuza. Tulikutana na wazazi baada ya sala ya alasiri, tukakubaliana mambo matatu. La kwanza, darubini itakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo utakuwa kwa mwalimu. La pili, haitapandishwa juu ya dari ya nyumba yoyote. La tatu, watoto wapelekwe kwanza mahali penye kitu cha kutazamwa, na watu wazima wawe pamoja nao. Wakirudi, wazazi ndio watakaokata shauri, chombo kibaki au kiuzwe. Basi safari ya Mida ilikuwa ni mtihani, si matembezi tu.

Dukani

Kabla ya safari tulikwenda kununua. Katika duka la kwanza tulitolewa darubini yenye vioo vyekundu ving'aavyo kama yakuti, imeandikwa ubavuni kwamba hukuza mara mia. Bei yake ilikuwa ndogo, na vijana tuliofuatana nao waliitamani sana. Tukaitoa nje barazani tukaielekeza kwenye bango lililo ng'ambo ya barabara. Herufi zilitetemeka kama mwali wa kibatari penye upepo, na kila ukingo wake ulikuwa na utepe wa zambarau. Tukairudisha kwa adabu tukaenda zetu.

Yafaa msomaji ajue kwa nini. Juu ya kila darubini huandikwa tarakimu mbili, kama vile 8x42. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya kukuza: ndege aliye umbali wa mita 300 ataonekana kama yu mita 37 na nusu. Tarakimu ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa mlango unaoingiza nuru. Ukiigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la nuru linaloingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5 na robo. Sasa chukua darubini yenye kioo cha milimita 25, uambiwe kwamba inakuza mara mia. Gawa mwenyewe: robo ya milimita! Mboni ya jicho lako mchana wa jua kali huwa na upana wa milimita mbili au tatu. Ukiingiza tundu la sindano katika mlango huo utaona nini illa giza? Basi mwenye kuandika hivyo ama hajui hesabu, ama anatarajia kwamba wewe hujui. Na ule wekundu wa vioo si alama ya ubora, maana kioo kinachorudisha nuru nyekundu kwa mtazamaji wa nje humnyima nuru hiyo yule anayetazama kwa ndani, na dunia ikawa na rangi ya kijani kibichi.

Katika duka la pili tulipata 8x42 ya kampuni isiyo na sifa kubwa, lakini iliyotengenezwa kwa uaminifu, kwa bei ya mbuzi wawili. Zipo zilizo bora mno, ambazo bei yake ni ya pikipiki mbili mpya. Hizo ni za watu ambao kazi yao ni kutazama kutwa kucha, na mwenye nyumba wa kawaida hana haja nazo.

Tuliipima kwa majaribio manne, na kila msomaji anaweza kuyafanya bila ya kuwa fundi. Kwanza, ishike mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye mbingu nyeupe pasipo jua, utazame vile viduara viwili vya nuru kwenye vioo vya jichoni. Vikiwa vya mviringo kamili, prizimu zake ni njema. Vikiwa vimekatwa pembeni kama mraba wenye kingo za kijivu, kioo chake ni duni. Pili, tazama nguzo au mnara ulio mbali. Picha mbili zikikataa kuwa moja, au ukahisi macho yanavutwa, mapipa yake hayakulingana, na chombo hicho kitakuumiza kichwa. Tatu, zungusha gurudumu la kulenga. Liende laini, lisiwe gumu wala lisicheze. Nne, mpe mtoto mdogo kuliko wote aliyefuatana nawe. Uso wa mtoto ni mwembamba, na darubini nyingi kubwa hazikunjiki vya kutosha kufikia macho yake. Ataona duara mbili badala ya moja, na kwa haya yake atakuambia kwamba anaona vizuri.

Njiani

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, wavulana saba na wasichana watano, pamoja na wazazi wanne. Wawili kati yao walikuwa akina mama, na mmoja wa hao alikuwa katika waliopinga. Naye alisema wazi kwamba amekuja kuona kwa macho yake. Gari lilivuka Mtwapa, likapita mashamba ya katani ya Vipingo, kisha likavuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya daraja hilo watu walikuwa wakivuka kwa kivuko, na wazee wangali wakikumbuka saa walizokaa pale kungoja zamu.

Mbele ya hapo, mkono wa kushoto, huanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 420, nao ndio msitu mkubwa kuliko yote ya namna yake uliosalia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mkono wa kulia, nyuma ya mashamba na minazi, imejificha hori ya Mida: mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, umezungukwa na mikoko, michu na mikandaa, na maji yakipwa hubaki uwanja mpana wa tope na mchanga. Mahali hapo ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968.

Horini

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa kijiji cha karibu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni. Jambo la kwanza alilotufundisha halikuhusu kioo, bali lilihusu maji. "Maalim," alisema, "ukija hapa maji yamekupwa kabisa, ndege watakuwa mbali kule, na darubini yako itakuonyesha vitone. Ukija maji yamejaa kabisa, watakuwa wameondoka. Njoo maji yakiwa yanaingia; bahari yenyewe itakuletea ndege mpaka miguuni." Na kweli, siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda mita tatu na zaidi, na kadiri yanavyosogea ndivyo ndege wanavyosukumwa kwenye vipande vya mchanga vilivyobaki, karibu na mikoko.

Tulipita juu ya daraja la mbao lililotundikwa kati ya mikoko, mpaka kwenye kibanda cha kujifichia kilicho ukingoni. Ada anayotoa mgeni kwa kupita hapo huingia katika mfuko unaowasaidia watoto wa vijiji vya jirani karo ya shule ya sekondari, ili familia zao ziwe na sababu ya kuuhifadhi msitu na mikoko. Twawaomba wasomaji wazingatie jambo hili: macho ya mgeni yanamsomesha mtoto wa mwenyeji, bila ya mti kukatwa wala ndege kuuawa.

Wanafunzi walitazama kwa zamu, kila mmoja kwa kipindi cha kuhesabu mia. Wakaona yangeyange weupe, na sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na vitwitwi wadogo wanaokimbia juu ya tope. Katika vitwitwi hao wamo waliozaliwa Siberia, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambao hushuka kwetu tangu mwezi wa Agosti na Septemba, wakarejea kwao yapata mwezi wa Aprili. Msichana mmoja aliuliza: "Maalim, ndege mwepesi kuliko ufunguo wa sanduku letu, nani amemwonyesha njia?" Tukamwambia kwamba swali hilo peke yake latosha kuwa faida ya safari.

Lakini ndege ambaye mwongozi alitaka tumwone khasa ni yule mla kaa: mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati, na mdomo mweusi mnene kama patasi. Huyu hazaliani kwetu. Nchi anazozalia ni pwani za Oman, Ghuba, na Bahari ya Sham. Hachagui mti wala hajengi tago la vijiti, bali huchimba shimo refu mchangani, akataga yai, aghlabu moja tu, jeupe, na joto la mchanga likasaidia kulilea. Kisha huvuka bahari akaja Mida kula kaa. Watoto walifurahi mno kusikia kwamba ndege huyo hutoka kule kule zilikotoka jahazi zilizowaleta baadhi ya babu zao.

Jambo lililodhihirika

Ili darubini ione vizuri haitoshi kuizungusha tu. Macho mawili ya mtu hayalingani kwa nguvu, na kila darubini njema ina pete ndogo, aghlabu kwenye kioo cha jicho la kulia. Utaratibu wake ni huu: fumba jicho la kulia, ulenge kitu kwa gurudumu la kati kwa jicho la kushoto mpaka kiwe wazi, kisha fumba la kushoto, na bila ya kuligusa gurudumu, zungusha ile pete mpaka jicho la kulia nalo lione wazi. Ikumbuke alama ya pete yako, maana ya mwenzako si hiyo.

Tulimfanyia hivyo kila mwanafunzi. Mmoja wao, mvulana wa miaka tisa, alipofumba jicho la kushoto alikaa kimya. Tukazungusha pete mpaka mwisho wa upande huu na mwisho wa upande ule, naye asione illa weupe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jicho hilo limekuwa hivyo siku zote, naye alidhani watu wote wana jicho moja la kuonea na jingine la pambo. Mama yake alikuwa pale. Ndiye yule aliyekuwa katika waliopinga. Alisimama kitambo, kisha akamwekea mwanawe mkono kichwani, asiseme neno.

Wiki ile ile alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alieleza kwamba jicho dhaifu la mtoto, likiachwa, ubongo huzoea kulipuuza, na kadiri umri unavyopita ndivyo tiba inavyokuwa ngumu. Na kwamba miaka ya utoto ndiyo miaka ya kulitibu. Mtoto sasa ana miwani, na jicho zima hufunikwa kwa saa maalumu kila siku ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Basi tunamwambia kila mzazi: huna haja ya darubini kwa jambo hili. Mfunike mwanao jicho moja, umwambie asome maandishi ya ukutani, kisha lile la pili. Ni kazi ya dakika moja.

Na kwa kuwa tumetaja miwani, mwenye kuivaa ana sharti lake la zaidi. Jicho lake haliwezi kukikaribia kioo cha darubini, kwa hiyo atafute chombo ambacho picha yake huonekana nzima jicho likiwa mbali kiasi cha milimita 15 au zaidi, na ambacho vikombe vyake vya mpira hukunjwa au hushushwa. Asipoangalia hilo ataona kiini cha picha tu, kama atazamaye kwa tundu la mlango.

Darubini ya kusimamishwa

Mwongozi alikuwa na darubini kubwa ya jicho moja iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye kioo cha milimita 80, nayo hukuza kuanzia mara 20 mpaka mara 60. Ndege wa mita 300 huonekana kwayo kama yu mita tano. Yule mama alihesabu miguu ya kaa iliyokuwa ikining'inia mdomoni mwa ndege. Lakini chombo hicho si cha kila mtu. Ni kizito, hakifai bila ya miguu imara, na miguu dhaifu huharibu kioo chema. Pia kila unapokuza ndivyo nuru inavyopungua: 80 kwa 60 ni milimita moja na kitu. Ilipofika saa tano, jua lilipoanza kupasha tope moto, hewa ilitetemeka kama juu ya jiko, na picha ya mara 60 ikawa haina faida; mwongozi akashusha mpaka 25, tukaona tena. Mwenye kununua achague ile ambayo kioo chake cha jichoni kimeinama, ili warefu na wafupi watazame bila ya kuirekebisha kila mara. Na aanze kwa ile ya mkononi; hii ya pili ingoje.

Msituni, na habari za uwindaji

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula tuliingia msituni, upande wa Gede. Humo nuru ni haba, na hapo tukajua thamani ya kioo kipana. Mzazi mmoja alikuwa na darubini ndogo ya mfukoni, 8x25; horini ilifanya kazi vizuri, lakini chini ya miti duara lake la milimita tatu lilikuwa kama taa iliyopunguzwa utambi. Kwa 8x42 tulimwona sengi wa msitu ule, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, akichakura majani makavu. Na kwa wenye kupenda vipepeo, ambao wakulima wa hapo wamekuwa wakiwafuga na kuwauza tangu mradi wa Kipepeo ulipoanza mwaka 1993, itafutwe darubini inayoweza kulenga kitu kilicho karibu, mita mbili au pungufu.

Mwongozi alituambia kwamba babu zake walikuwa wawindaji. Katika Kenya uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Katika Tanzania wangali wakiwinda wenye kibali, kwa sheria na mahali palipowekwa. Tukamwuliza mwindaji mwenye kibali amchukulie mnyama darubini ya namna gani. Alicheka, kisha akasema: "Maalim, ya kumwonyesha kwamba si huyo." Na maneno yake yana hekima. Mwindaji mwaminifu hutumia darubini kabla ya bunduki: ajue kwamba ni dume wala si jike, ni mzima wala si mtoto, ni aina aliyoruhusiwa, na nyuma yake hapana mtu. Wala haifai kutazamia kwa kile kioo kilicho juu ya bunduki, kwani kila ukitazamacho kwacho umekwisha kukielekezea risasi, na huenda kichakani akawa ni mwanamke aokotaye kuni.

Kwa mbuga zilizo wazi wengi huchagua 10x42, maana umbali ni mkubwa. Lakini ikuzayo mara kumi hukuza pia mtetemeko wa mkono, na upana wa mtazamo wake ni mdogo: kwa umbali wa mita elfu moja huonyesha kiasi cha mita 110, na ya mara nane aghlabu 120 mpaka 140. Kwa watoto, kwa msitu, na kwa ndege arukaye, mara nane ndiyo bora. Ama wanazuoni wetu wametufundisha tofauti kati ya kuwinda kwa haja ya chakula na kuua kwa mchezo. Na atazamaye kwa kioo tu amesalimika na shaka zote mbili.

Matunzo na hatari

Pwani yetu ina maadui wawili wa vioo: chumvi na unyevu. Ukirudi kutoka baharini, kwanza peperusha mchanga kwa pumzi au brashi laini, kisha pangusa kwa kitambaa safi cha miwani. Usipanguse kwa upindo wa kanzu wala kwa leso. Chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa huandika mstari usiofutika. Usiifungie ndani ya mkoba wa ngozi kabatini miezi na miezi, kwani kuvu huota juu ya kioo kama juu ya mkate. Iweke mahali pakavu, pamoja na vile vifuko vya chembe zinazofyonza unyevu vitokavyo katika maboksi ya viatu vipya, na mara kwa mara uitoe ipate hewa. Ukiweza, nunua ile isiyoingiza maji.

Na hatari iliyo kubwa kupita zote ni jua. Kioo kinachokusanya nuru hukusanya na moto. Mwenye kulitazama jua kwa darubini aweza kupofuka kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo katika kuutafuta mwezi mwandamo, darubini isiinuliwe mpaka jua lizame lote. Darubini ya 8x42 au 7x50 inafaa, na viwiko viegemezwe ukutani. Ama hukumu ya mwezi ulioonekana kwa kioo, hiyo tunawaachia masheikh wenye elimu yake.

Uamuzi wa wazazi

Tulipokutana tena na wazazi, yule mama ndiye aliyeomba kusema kwanza. Alisema kwamba hofu yake hakuiacha, kwani jicho la kijana ni lile lile. Lakini chombo kibaki, na masharti yabaki pamoja nacho. Akaongeza sharti la nne: kila mtoto mpya aingiapo madrasani apimwe macho, jicho kwa jicho. Wote wakaridhia, na hivyo ndivyo tufanyavyo mpaka leo.

Basi, wasomaji wetu, kwa muhtasari: mwenye kununua darubini yake ya kwanza achukue 8x42 ya kuaminika, au 8x32 ikiwa ni ya mtoto, asidanganyike na tarakimu kubwa wala kwa vioo vyekundu, aipime barazani kabla ya kutoa fedha, ailinde na mchanga, unyevu na jua. Na kabla ya yote hayo, ajue anataka kutazama nini. Darubini haimtengenezi mtazamaji. Humkaribishia tu kile moyo wake ulichokwisha kukiendea. Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na atujaalie tuyatazame yenye kutuzidishia elimu na shukrani. Amin.